Sauti yangu inabaki nyuma ya mdomo: kosa ni langu, ni la lugha, ao ni la simu?

"Yaya, jambo. Mimi niko Lubumbashi, mu komini ya Katuba, niko na miaka 24. Tangu miezi munane najifunza kuingiza sauti ya Kiswahili mu bipande bya filamu za Kifaransa. Video naangaria mu simu moja, nasikiliza na hedifoni za Bluetooth, najirekodi na simu ya pili, kisha naunganisha. Kila mara sauti yangu inabaki nyuma ya mdomo. Nikienda mbio, bantu banasema nasikika kama mutu mwenye kukimbizwa. Rafiki mumoja anasema Kiswahili ni luga ya murefu, haiwezi kuingia mu midomo ya Bazungu. Mwingine anasema niuzishe simu moja, nipate mikro ya dola 200. Yaya, mabaya iko kwangu, iko mu luga, ao iko mu byombo? Na nifanye namna gani kujizoeza peke yangu, bila studio, na kuran ya umeme yenye kukatika kila mangaribi?"

Mdogo wangu, jambo sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakushukuru kwa kutaja vyombo vyako vyote, maana wengi huniandikia "sauti inachelewa" bila kusema wanarekodi kwa chombo gani. Nianze na jibu lenyewe. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji wako nadhani iko kwenye hizo hedifoni za Bluetooth na kwenye namna unavyounganisha simu mbili. Sehemu inayobaki iko kwenye karatasi unayoisoma na kwenye mahali unapoweka macho. Kiswahili hakina kosa. Na hiyo mikro ya dola 200 usiinunue sasa: mikro nzuri inasafisha sauti, haiisogezi mahali pake.

Kabla hujabadilisha chochote, fanya jaribio hili leo. Chukua kipande ulichokwisha kumaliza, cha nusu dakika hivi, chenye sentensi tano au sita. Kifungue kwenye programu unayokatia, ushike mstari wote wa sauti yako, uuvute kushoto kidogo kidogo mpaka sentensi ya kwanza ikae mdomoni. Kisha usiguse kitu, utazame zilizobaki. Zikiwa zimekaa zote, au karibu zote, ulichokuwa unapigana nacho ni chombo: kimekuchelewesha kwa kipimo kilekile kila mara. Ikiwa ya kwanza imekaa, ya pili imewahi na ya tatu imechelewa, hapo tatizo liko kwa msemaji na maandishi yake. Na ikiwa zinaanza vizuri halafu kila moja inazidi kuachwa kuliko iliyotangulia, kuna jambo la tatu. Video nyingi zilizopigwa kwa simu hazina idadi isiyobadilika ya fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, na programu ikizisoma vibaya, picha na sauti zinaachana pole pole. Dawa ya hilo ni kukata vipande vya sekunde 20 hadi 30 na kulinganisha kila kimoja upya.

Sasa hizo hedifoni. Kwa Bluetooth simu haitumi sauti kama ilivyo. Inaikusanya kwa mafungu, inaibana iwe nyepesi, inaituma hewani, halafu kile kidude cha sikioni kinaifungua ndipo kinaicheza. Kwa hedifoni nyingi za kawaida, safari hiyo huchukua kati ya milisekunde 150 na 250. Video ya fremu 25 kwa sekunde inaonyesha kila fremu kwa milisekunde 40. Kwa hiyo ukichelewa milisekunde 200 umechelewa fremu 5, na kwa muda huo mwigizaji ameshamaliza silabi nzima. Utauliza: mbona nikitazama filamu kwa hedifoni zilezile naona midomo iko sawa? Ni kwa sababu programu nyingi za kuchezea video zinaujua ucheleweshaji huo, zinaizuia picha kidogo ili vifike pamoja. Kwa mtazamaji hiyo ni huduma nzuri. Kwako ni mtego, kwa sababu simu yako ya pili haijui kwamba picha ilizuiwa, na programu nyingi za kurekodi na kukatia hazifanyi hesabu hiyo.

Tafuta hedifoni za waya, hata zile za bei ndogo kabisa za sokoni. Kama simu yako haina tundu la mviringo, ziko za waya zinazoingia kwenye tundu la chaji. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kununua, na kwa mwezi huu kinatosha.

Halafu kuna namna ya kuunganisha simu mbili bila kubahatisha. Mwanzoni mwa kila kipande, kabla ya sentensi ya kwanza, weka kwenye sauti ya video tiki tatu, yaani milio mifupi mitatu, zenye nafasi sawa. Ukianza kurekodi kwa simu ya pili, toa hedifoni moja sikioni, ishike karibu kabisa na tundu la mikro ya simu hiyo, zile tiki tatu ziingie kwenye rekodi yako. Kisha irudishe sikioni useme. Wakati wa kuunganisha utaziona kwenye mchoro wa sauti kama vijiti vitatu vilivyosimama: kijiti cha kwanza juu ya kijiti cha kwanza, cha tatu juu ya cha tatu, kazi imekwisha. Tiki hizo zina faida nyingine. Wanaofanya kazi hii Marekani wanapigiwa mlio mara tatu, kisha wanaanza kusema pale ambapo mlio wa nne ungelia, ingawa haulii. Zizoee. Zitakufundisha kuingia kwa wakati bila kushtuka.

Usitafute lakini ukamilifu ambao hata sikio haliuombi. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo kuhusu picha na sauti kwenye televisheni. Linaonyesha kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa anavumilia mpaka karibu milisekunde 125. Maisha yametuzoeza hivyo. Mtu akigonga msumari kwenye bati mita 100 kutoka ulipo, nyundo unaiona inatua, na mlio unafika karibu theluthi ya sekunde baadaye, kwa kuwa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Hakuna siku uliyowahi kusikia mlio kabla ya nyundo kutua. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, afadhali kuchelewa fremu moja kuliko kuwahi fremu moja, na wanaoharakisha mara nyingi wanaangukia upande usiosamehewa, yaani wa kuwahi.

Kuhusu lugha, rafiki yako ameona kitu cha kweli akakipa sababu isiyo yake. Ni kweli tafsiri ya Kiswahili mara nyingi huja na silabi nyingi kuliko Kifaransa cha kusemwa. Lakini mtazamaji hahesabu silabi. Anaona vitu vichache tu: mdomo ulianza lini, uliisha lini, ulifunga wapi, na uliviringika au ulitanuka. P, B na M zinafunga midomo kabisa. F na V zinaleta meno juu ya mdomo wa chini. O, U na W zinaviringisha. Zilizobaki, yaani K, G, NG', NY, D, T, N, S na wenzao, zinatengenezwa ndani na ulimi, na mtu aliyekaa mbele ya kioo hazioni vizuri. Ina maana kwamba silabi za ndani unaweza kuzibana mbili mahali pa moja bila mtu kulalamika, lakini M moja iliyokosa nyumba inaonekana mpaka nyuma ya chumba. Macho yana nguvu hata ya kubadilisha kinachosikika: mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba ukimsikilizisha mtu "ba" huku akitazama mdomo unaosema "ga", wengi watasikia "da".

Tuchukue sentensi moja tuifanyie kazi pamoja. Mwigizaji anasema: *Je ne t'ai jamais menti.* Ukitafsiri kama ulivyofundishwa shuleni utaandika "Sijawahi kukudanganya hata siku moja", utajikuta unakimbia, na bado utachelewa. Rudi kwenye picha. Mdomo unafunga mara mbili, karibu na mwisho, kwenye *-mais* na *men-*, kisha unatanuka kwenye *-ti*. Kwa hiyo unatafuta Kiswahili chenye midomo miwili iliyofungwa karibu na mwisho, kikiishia na I. Jaribu: "Sijakudanganya mimi." Hizo silabi sita za mwanzo hazifungi midomo hata mara moja: ni "ku" tu inayoiviringisha kidogo, nyingine zinapita haraka nyuma ya meno bila kuonekana. "Mi" ya kwanza inakaa juu ya *-mais*, ya pili juu ya *men-*, na ile I ya mwisho unaivuta kidogo ifunike *-ti*. Tena "mimi" likiwekwa mwishoni linabeba uchungu ambao Mfaransa aliuweka kwenye *jamais*. Hapo hujakimbia, na mtu wa Katuba akisikia hatadhani ni tafsiri.

Kazi ya aina hiyo inafanyika mezani, kwa kalamu, kabla hujagusa kitufe cha kurekodi. Mimi naamini nusu ya ulinganifu wa midomo inamalizwa hapo. Punguza maneno yanayobeba hewa tu: "mwanamke ambaye nilimwona jana" yawe "niliyemwona jana", "kwamba" iondoke inapoweza kuondoka, jina lililokwisha tajwa libaki ndani ya kitenzi. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Mwenye kukitumia vizuri halalamiki kwamba lugha ni ndefu.

Na hapa Lubumbashi tuna jambo letu ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kiswahili sanifu kinasema "watu walienda": midomo inaviringika, haifungi. Sisi tunasema "bantu balienda", na midomo inafunga mara mbili. Ukiwa na mwigizaji mwenye P na B nyingi kinywani, Kiswahili chetu kinakupa milango iliyofungwa pale sanifu inapokuacha wazi. Ikiwa kazi ni ya watu wa hapa, iandike kwa Kiswahili cha hapa bila kuona haya. Ikiwa mwenye kazi anataka isikike Dar es Salaam na Nairobi pia, hiyo "ba-" hutaruhusiwa, na itabidi uokoe midomo kwa M: "wameenda", "mpaka", "mbona", "tumwambie". Muulize hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, si baada ya kurekodi.

Tufike kwenye macho yako. Nadhani unautazama mdomo na kuusubiri ufunguke. Mdomo ukifunguka, jicho lione, ubongo uamue, ulimi uanze, inapita karibu robo ya sekunde, yaani fremu 5 au 6, hata kama vyombo vyako vingekuwa vya studio kubwa. Anayesubiri mdomo atachelewa siku zote. Kinachotangulia mdomo ni pumzi. Aliyenifundisha kazi hii alibandika kipande cha karatasi kwenye kioo kikaficha mdomo na kidevu cha mwigizaji, akaniacha na macho, pua na mabega, akaniambia nimwambie ataanza lini. Siku ya kwanza nilikosea karibu kila mara. Baada ya juma moja nikaanza kuona: bega linapanda kidogo, pua inatanuka, jicho linahama kabla ya neno gumu. Vuta pumzi pale anapovuta yeye, kwa ukubwa uleule, na neno litatoka kwa wakati wake. Pumzi hiyo usiifute kwenye rekodi. Ikikosekana, sauti inakuwa kama imebandikwa juu ya mtu.

Kwa mazoezi ya peke yako, ningekushauri uache Kifaransa kwa majuma mawili ya kwanza. Sasa hivi unajifunza kazi mbili kwa pamoja, kutafsiri na kulinganisha, na hujui ni ipi inayokuangusha. Mrekodi shangazi yako akieleza namna anavyosonga bukari (ugali), sekunde 15 tu, uso wake uonekane vizuri. Kisha ingiza sauti yako juu yake kwa maneno yake yaleyale. Mara ya kwanza usitoe sauti, pumua naye tu. Mara ya pili funga mdomo uvumishe wimbo wa maneno yake, mm-mm-mm, panda anapopanda, shuka anaposhuka. Ndipo useme, ukiwa umeshika maneno kichwani, maana anayesoma karatasi ameacha kutazama picha. Ukimaliza huyo, tafuta anayesema haraka, kisha anayekatizwa na mwenzake. Kifaransa kitakuja baadaye, na utashangaa kimepungua ugumu.

Utakapokirudia, jitengenezee bendi yako ya karatasi. Ufaransa wanatumia kitu kinachoitwa *bande rythmo*: maandishi yanapita chini ya picha kutoka kulia kwenda kushoto, na kila neno linasemwa likigusa mstari uliosimama. Herufi zinavutwa pale mwigizaji anapovuta, zinabanwa pale anapokimbia. Wewe andika sentensi yako vivyo hivyo kwa mkono, weka alama zako za mdomo uliofungwa, za pumzi na za kimya. Kama unaweza kuazima kompyuta, programu ya kuchezea video iitwayo VLC inasogeza picha fremu moja moja ukibonyeza E, na hapo utaona kila kufunga kwa mdomo kuko wapi. Ikifika siku ya kurekodi kwa kompyuta, ujue kwamba programu ya kurekodi iitwayo Audacity haionyeshi video. Nyingine, Reaper, inaionyesha, na unaweza kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa.

Chumba ni rahisi kuliko unavyofikiri: godoro nyuma yako, blanketi mbele, simu kiganja kimoja kutoka mdomoni, kando kidogo ili P isipige mikro. Kuhusu kuran, chaji mchana na usirekodi magharibi, kwa sababu ikikatika jenereta za majirani zinawaka na hakuna programu itakayoziondoa bila kuharibu sauti yako. Saa kumi na moja alfajiri jiji limetulia. Miezi ya mvua fanya kazi ya mezani mvua ikinyesha, kwani bati linameza kila kitu.

Nikuambie pia ukweli kuhusu kazi yenyewe. Kulinganisha na midomo ndiko kugumu kuliko kote, na si lazima uanzie hapo. Iko sauti ya juu, ile ya filamu za mafunzo na za afya, ambapo Mfaransa anasikika kidogo, anapunguzwa, kisha wewe unaingia baada yake. Midomo haikuhusu, ila uwazi na muda vinakuhusu. Iko pia kazi ya wasimulizi wa filamu, kama aliyofanya Lufufu kule Tanzania, mtu mmoja akieleza na kuigiza filamu nzima juu ya sauti yake. Ni ufundi mwingine, una heshima yake, nao unafundisha kubadilisha sauti haraka. Ukitaka sikio la mwendo wa maigizo ya Kiswahili chetu, tafuta michezo ya kundi la Mufwankolo la hapahapa Lubumbashi. Sauti ya juu ndiyo ningekushauri uanze nayo ili upate fedha huku ukiendelea na midomo usiku. Na vipande vya filamu za watu unavyofanyia mazoezi vibaki nyumbani. Sampuli ya kuwaonyesha waajiri itengeneze kwa picha ulizopiga mwenyewe au ulizopewa ruhusa.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama umebadilisha hedifoni, umefanya mazoezi ya shangazi kwa miezi miwili, na jaribio la kuvuta mstari bado linaonyesha sentensi zilizotawanyika, usiendelee peke yako. Tafuta fundi sauti wa redio, au ulizia kwenye vituo vya sanaa vya hapa mjini, kile kiitwacho Picha au Halle de l'Étoile, ni nani anayerekodi waigizaji, ukae naye nusu siku akutazame ukisema. Mtu aliye pembeni yako ataona kwa dakika kumi, pengine unashikilia pumzi au unainamisha kichwa kusoma, mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kwenye barua. Na koo lako: ukirekodi, nusu saa kwa siku inatosha, na maji karibu. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya majuma mawili bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukisikia maumivu makali, au ukiona damu, nenda siku hiyohiyo.

Ukishavuta ule mstari wa sauti, hesabu umeuvuta fremu ngapi, uniandikie namba hiyo pamoja na aina ya simu zako mbili. Nikiijua nitakuambia tuendelee na vyombo au tukae na maandishi.